Boti Yako Imeingia Majini Mara Mbili

Shemeji Konradi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia pale ulipojisikia, kwa hiyo nachukulia kwamba umeinua nyusi kama kawaida yako, na naendelea.

Habari kubwa ni hii: boti yako imeingia majini. Imeingia mara mbili. Ningeweza kukusimulia ile ya pili tu ukapumzika, lakini wewe ndiwe uliyesema kwamba fundi anayewaonyesha wateja mlango uliofunga vizuri, akauficha ule uliogoma, ni mwongo mwenye randa. Basi utazisikia zote mbili.

Naandikia kwenye meza yako ya karakana, hapa Izia. Dada yangu Skola hataki nifagie. Vumbi la mbao liko palepale ulipoliacha, na kalamu inaruka kila inapokutana na alama za msumeno wako, kwa hiyo ukiona mstari umepinda, lawama ni zako. Nje unavuma ule upepo wetu wa Sumbawanga usiobisha hodi. Nimevaa koti lako. Nitalirudia koti hilo baadaye, kwa sababu bila koti hilo nisingekuwa na barua ya kuandika, ningekuwa na radhi ya kuomba.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba Mungu alitugawa akiwa na haraka? Wewe mtoto wa Kipili, mtu wa ziwa, ulimfuata mwanamke huku juu ambako maji ni yale yanayotoka mawinguni. Mimi mtoto wa huku juu nilikwenda Tanga kusahihisha maandishi ya wachapaji, nikazeekea kando ya bahari ambayo sijawahi kuiingia kupita vifundo vya miguu. "Shemeji," ulikuwa ukiniambia kila nikija likizo, "mimi najua kuogelea na sina maji. Wewe una maji na hujui kuogelea. Kati yetu kuna mtu mmoja kamili." Halafu unacheka hadi ugali unakupalia, na Skola anakupiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa yule mtu mmoja kamili amebaki nusu, tena nusu isiyojua kuogelea.

Nikueleze yaliyotokea kwenye kuanua matanga, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu walikaa uani, wengine wameegemea boti yako kama kawaida, kuku wako yule mweupe ametagia ndani yake kama kawaida. Mzee Oresti akasimama. Nilidhani anasimama kutoa pole. Unamjua jirani yako. Hajawahi kusimama bure.

"Marehemu alikuwa rafiki yangu," akasema, "na rafiki haachi mali ya rafiki ioze. Mimi nina nguruwe. Nguruwe wanahitaji hori. Hili dude lina urefu wa hori, lina kina cha hori, na limekaa hapa miaka yote hii bila kwenda popote, kama hori. Skola, nipe nilihifadhi."

Watu wakacheka. Hata padri aliangalia viatu vyake. Mimi nikamtazama dada yangu nikitegemea machozi. Skola akafuta mikono kwenye kitenge, akasimama polepole, akasema:

"Oresti, mume wangu aliniahidi nitakaa kwenye hiyo boti juu ya maji ya Kipili, mbele ya watu waliomcheka. Hakuwahi. Sasa wewe njoo uone. Mvua zikiisha, itashushwa ziwani. Ikielea, utafunga mdomo mpaka siku yako. Ikizama, au ikakataa hata kushuka kwenye tela, ibebe siku hiyohiyo, uwalishe nguruwe wako humo, na mimi mwenyewe nitawachanganyia pumba."

Nikasema moyoni, maskini huyo atakayepewa kazi ya kuishusha. Hapohapo Skola akanielekezea kidole.

"Kaka ataishusha. Ameishi pwani."

Shemeji, hivyo ndivyo hukumu inavyotolewa Ufipa. Ameishi pwani! Ni sawa na kusema mtu aliyepanga chumba karibu na hospitali akupasue tumbo. Nilitaka kupinga, lakini niliwaona wale watu wote wakinitazama, na nikaiona boti yako, ile rangi ya buluu uliyoipaka mara tatu kwa sababu jua la huku juu liliila mara mbili, na nikakuta mdomo wangu unasema, "Haya."

Baadaye nguo zako zikagawanywa. Ndugu zako wa Kipili wakachukua mashati, mpwa wako akachukua viatu vya kanisani ambavyo vilimshinda ukubwa lakini hakukubali, na mimi nikapewa koti hili zito la sufu kwa sababu mzee wa ukoo alisema mtu wa pwani atakufa kwa baridi tukapata msiba juu ya msiba. Mfukoni nikakuta kipande cha penseli, vumbi la mbao, na pia, ile ya watoto ya kuzungusha. Pia nzuri ya mninga, nene juu, nyembamba chini, ina kijitundu cha kupitishia uzi, na imepakwa kitu cha kunata ambacho nilidhani ni uchafu wa mfukoni. Niliizungusha mezani mbele ya Skola. Ikayumba kama mlevi, ikaanguka.

"Mumeo alizeeka vibaya," nikamwambia. "Hata pia haizunguki."

Skola alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikairudisha mfukoni, na tangu siku hiyo nikawa na tabia ya kuichezea kwa vidole kila nikiwa na wasiwasi. Msimu wote ule wa mvua nilikuwa na wasiwasi.

Nieleze sasa habari ya lile tundu, ingawa wewe ndiwe uliyelitoboa.

Nilikuwepo siku ile ya kuijaribu. Huku juu hapakuwa na maji ya kuitia boti, kwa hiyo ukaamua kuyatia maji ndani ya boti. Mlibeba ndoo, wewe na Skola na nusu ya mtaa, mkaijaza hadi ukingoni, nawe ukalala chali chini yake kwenye matope ukisubiri tone. Halikudondoka hata moja. Ukatoka umechafuka kama nguruwe wa Oresti, ukatangaza: "Kama maji hayatoki, hayataingia!" Niliiona hoja hiyo kuwa nzito sana. Kisha ikajulikana kwamba maji yale yote hayana pa kutokea na boti haiinuliki, ndipo ukatoboa tundu nyuma, chini kabisa, yakamwagika yakasomba vifaranga.

Tangu hapo mvua ikawa inajaza boti, na Skola anaweka ndoo chini ya tundu. Akitaka maji anachomoa gunzi la hindi, ndoo ikijaa anarudisha gunzi. Mtaa mzima waliliita bomba la Skola. Miaka yote uliyougua na boti ikakaa, dada yangu alifulia maji ya boti yako. Hakuna nyumba Izia iliyokuwa na mashuka meupe kama yenu. Nayaeleza haya ili uelewe kwamba mimi, Skola, Oresti na kila mtu wa mtaa ule tulilijua lile tundu kama tunavyojua mlango wa nyumba. Na sote tulijua kazi yake: ni la kutolea maji.

Mvua zilipoisha nikajiandaa. Usinicheke. Zamani kule kiwanda cha uchapaji niliwahi kusahihisha kijitabu cha maelekezo ya kushusha boti kutoka kwenye tela, na kazi niliyoisahihisha huwa hainitoki kichwani. Nikamweka chini Hemedi, kijana wa lile duka la vifaa vya magari mjini, mwenye pikapu nyeupe anayoiosha kuliko anavyojiosha mwenyewe. Nikamwambia: tukifika hatuendi moja kwa moja kwenye mteremko. Tunasimama pembeni, mahali pa tambarare, tunajiandaa huko, tusiwazibie njia wavuvi. Kamba za kufungia zinafunguliwa huko, isipokuwa ile ya mbele, ambayo haifunguliwi mpaka boti iguse maji. Hakuna mtu kukaa ndani ya boti. Dereva hafungi mkanda, vioo viko chini, ili gari likiteleza atoke. Mtu mmoja anashika jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Na anayeelekeza ni mmoja tu.

"Mzee wangu," Hemedi akaniuliza, "hapo kwenye gari kuteleza, ulikuwa unatania?"

Nikamwambia kijitabu hakitanii. Usiku huo, nasikia, aliliombea dua gari.

Asubuhi ya safari Skola alifanya jambo la busara kabisa. Aliona ndani ya boti kumebaki maji ya mvua za mwisho, akasema tutabebaje uzito wa bure hadi Kipili? Akachomoa gunzi, akakinga ndoo yake ya mwisho, maji yakaisha. Kisha, kwa kuwa bomba halina maji tena, akalitupa gunzi jikoni chini ya sufuria ya uji. Nilimwona. Nilimsifu.

Tukaondoka. Mimi na Skola mbele na Hemedi; Oresti nyuma kwenye pikapu, amekalia gunia la pumba alilokuja nalo makusudi. Boti yako ikatufuata kwenye lile tela ulilolichomelea mwenyewe kwa vyuma vya vitanda. Kila mji tuliopita watu walisimama. Namanyere mwanamke mmoja alitupigia kelele, "Mafuriko yamefika wapi huko juu?" Oresti akamjibu, "Ni hori!" Skola hakugeuka. Kuanzia pale barabara ya vumbi inapoanza kushuka na ziwa linapojitokeza mbali kama bati jipya, nilimsikia akinong'ona jambo kwa Kifipa. Alikuwa anasema nawe, si nami, kwa hiyo sikusikiliza.

Kipili mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, tulikuta watu wako. Umati! Na mbele yao binamu yako Mama Zuhura, yule mfanyabiashara wa dagaa, amejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda vitani. Alipoiona boti aliipapasa ubavu kwa kiganja. Halafu akasema, "Konradi huyu. Miaka yote hiyo tunamwambia rudi nyumbani, kumbe anashona gauni la kurudia." Akageuka haraka kuwafokea watoto ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Mteremko upo, ule wa zege unaoingia majini. Nikasimamisha gari pembeni kama kijitabu kilivyosema. Tukafungua kamba. Nikafunga kamba ndefu puani mwa boti, nikampa Mama Zuhura ashike ncha ya pili. Skola akapanda ndani ya boti akakaa.

"Skola, shuka. Hakuna abiria wakati wa kushusha."

"Mimi si abiria. Mimi ni mwenye boti."

"Tela likikatika utaanguka juu ya zege."

"Nimeanguka sana mwaka huu, Kaka."

Mama Zuhura ndiye aliyemteremsha, kwa kumwambia kwamba mwenye boti wa kweli husimama pembeni akagombeza.

Basi Hemedi akaingiza rivasi. Shemeji, wewe umeendesha maksai, umeendesha trekta, lakini hujawahi kuona gari likirudi nyuma na tela. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukilifuata kushoto, linakugeukia kama beberu aliyeitwa jina la baba yake. Na ile sheria yangu ya mwelekezaji mmoja ilikufa hapohapo, kwa sababu Kipili nzima ilikuwa inaelekeza.

"Rudi, rudi, rudi!"

"Kata kulia!"

"Kulia kwa nani?"

"Nyoosha! Nyoosha bwana, unaturudisha Namanyere!"

Oresti alikuwa amesimama juu ya gunia lake akitoa maelekezo ya ng'ombe. Anasema tela ni kama maksai wa kushoto, ukimwonyesha kwamba unataka aende, haendi. Tulijaribu, tukatoka, tukajaribu tena. Wavuvi wawili waliweka nyavu zao chini wakakaa kabisa. Hatimaye nikaenda dirishani kwa Hemedi, nikamwambia kwa sauti ya chini kile kilichokuwa kwenye kijitabu: "Shika usukani kwa chini, pale ambapo kwenye saa pangekuwa na namba sita. Sasa mkono wako upeleke upande unaotaka tela liende. Polepole. Watu hawa wote ni redio." Akafanya hivyo. Tela likanyooka! Likashuka taratibu kama bibi harusi. Maji yakafika kwenye rimu, nikapiga kelele, "Simama! Hendibreki! Jiwe!" Oresti mwenyewe akaweka jiwe, kwa kujisahau.

Boti ikainuka.

Sijui nikuelezeje. Wewe unajua mbao inavyokuwa nzito mikononi. Na ile boti yote, niliyoizoea kama ukuta wa uani, ikapumua, ikajiinua kutoka kwenye tela bila kusukumwa, ikaanza kutikisika kidogokidogo kama mtu anayejaribu viatu. Vigelegele vikapigwa. Mama Zuhura akaivuta kwa kamba pembeni, Skola akapandisha kitenge, akaingia, akakaa kwenye ubao ule wa katikati uliompimia. Akaangalia juu, si kwetu. Nikamgeukia Oresti. Alikuwa ameshavua kofia.

Halafu Skola akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imetosha:

"Kaka. Bomba limegeuka."

Nikamwuliza limegeuka vipi.

"Linaingiza."

Na hapo, Shemeji, nikakumbuka sentensi ya kwanza kabisa ya kile kijitabu: Kabla ya jambo lolote, hakikisha kizibo kipo mahali pake. Niliukumbuka hata mkato niliouongeza baada ya neno "lolote". Mkato niliuona. Kizibo sikukiona. Sisi watu wa huku juu, maji kwetu yanatoka mbinguni, yanaingia kwa juu na kutoka kwa chini. Hatujawahi kuishi na maji yanayosubiri chini yako.

Oresti akavaa kofia. "Jamani," akasema kwa upole wa kuudhi, "nisaidieni kupakia hori langu."

Mkeo hakupiga kelele. Alivua kiatu, akachomeka kisigino kwenye tundu, akakaa hivyo, mkono mmoja umeshika ubao, mwingine kiatu, akamwambia Mama Zuhura, "Vuta, wifi." Ile kamba niliyoifunga puani ndiyo iliyotuokoa. Mama Zuhura na wanawake wa dagaa wakavuta, boti ikarudi juu ya tela lake likiwa bado majini, nikaifunga pua, nikamwambia Hemedi gia namba moja, taratibu. Tairi zikateleza kwenye ute wa kijani. Hemedi akaanza kusoma kitu kwa Kiarabu. Wavuvi wakaacha kucheka wakaja kusukuma, na pikapu ikatoka, inanuka klachi, na boti ikasimama juu ya zege na Skola ndani yake kama sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano.

Akatoa kisigino. Maji yakatoka kwa kishindo, maji safi ya ziwa lenu, yakabubujika kutoka kwenye tundu lile. Na Skola, bila kufikiri, akapiga kelele:

"Leteni ndoo!"

Kipili hawajawahi kucheka hivyo. Mama Zuhura alikaa chini kwenye zege. Hata Skola alicheka, halafu kicheko kikamgeuka katikati, akafunika uso kwa kitenge, akakaa hivyo ndani ya boti kavu. Siku ile ya nguo mimi ndiye niliyemchekesha kwa ile pia yako, na sasa sikuwa na lolote la kumpa.

Watu wakaanza kutafuta cha kuzibia. Gunzi hakuna; mahindi ya watu wa mwaloni huja yakiwa unga. Mmoja akaleta kitambaa. Mama Zuhura akaanza kuchonga mhogo. "Boti ya mbao, kizibo cha mhogo," Oresti akasema. "Nguruwe wangu watashukuru, wataanza na kizibo." Nilisimama na mikono mfukoni, aibu imenijaa hadi masikioni, nikizungusha ile pia kwa vidole kama nilivyofanya msimu mzima. Nene juu, nyembamba chini. Ina kijitundu cha uzi. Inanata.

Inanata nta, Shemeji. Ilikuwa nta ya nyuki.

Nilitembea hadi nyuma ya boti, nikapiga goti lenye maumivu, nikaisukuma. Iliingia mpaka mwisho, ikakaa. Sikuhitaji hata kuigonga. Mara ngapi ulilala chini ya boti ile ukapima tundu lile, ukiwa mgonjwa, ukatengeneza kizibo cha mninga, ukakitia mfukoni ukisubiri siku? Na mimi nikakiita pia mbovu. Nikakicheka mbele ya mkeo.

Nilibaki pale chini kidogo. Watu walidhani ni goti.

Skola alikuja akachungulia. Alikitazama kizibo kwa muda. "Alikuwa anashinda kwenye koti hilo hata kitandani," akasema. "Nikadhani ni homa."

Mara ya pili sikuruhusu kelele. Hemedi alirudi nyuma moja kwa moja, mkono chini ya usukani, kama aliyezaliwa na tela. Boti ikainuka tena. Tukaisubiri. Nilimtuma Oresti aingie kwanza akakague, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kesi. Alipapasa sakafu yote kwa viganja, akapapasa kona, akanusa vidole vyake. "Kavu," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya mwanawe. Kisha badala ya kushuka akakaa.

"Shuka, Oresti," Skola akamwambia.

"Nimeshakaa," akasema. "Nguruwe watakula chini, kama baba zao walivyokula."

Mama Zuhura akashika kasia. Skola akakaa kwenye ubao wake. Mimi nilitaka kubaki kulinda gari, lakini dada yangu alinyoosha mkono na hakuurudisha, kwa hiyo nikaingia na viatu na soksi na koti lako, nikashika kingo zote mbili, na ndivyo mtu wa pwani alivyoingia kwenye boti kwa mara ya kwanza maishani mwake, katika Ziwa Tanganyika, uzeeni. Hatukwenda mbali. Tulifika mahali ambapo kelele za mwaloni zinakuwa ndogo. Mama Zuhura akainua kasia. Skola akaingiza mkono majini, akautoa, akajipangusa shingoni. Alisema, "Haya, Konradi." Basi. Nilimtazama Oresti nikamkuta anaangalia milima, shavu limelowa, na hapakuwa na mawimbi.

Boti tumeiacha kwa Mama Zuhura. Kizibo kimefungwa uzi kwenye kile kijitundu chake, na ncha nyingine ya uzi imepigiliwa kwenye ubao, nilisimamia mwenyewe. Nimemwambia kila anayeishusha alitazame tundu kwanza kabla hajagusa kamba. Amesema Kipili walijua hilo kabla sijazaliwa, lakini amesema kwa upendo.

Jana tulirudi Izia. Uani mahali pa boti pamebaki alama yake, ardhi tupu yenye umbo la samaki, na yule kuku mweupe anaizunguka akitafuta kiota. Skola alisimama pale na ndoo yake mkononi muda mrefu. Nilidhani anakulilia. Labda alikuwa anakulilia. Halafu akageuka akaniuliza, "Sasa Kaka, mvua zikirudi nitafulia nini?"

Kwa hiyo siendi Tanga, Shemeji. Si sasa. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi, kwamba kabla ya mvua nitamwekea mfereji wa bati kwenye paa na tangi chini yake, ili mashuka yenu yaendelee kuwasema vibaya majirani. Sijawahi kuweka mfereji. Oresti ameshasema atakuja kutazama. Lakini hicho nacho niliwahi kukisahihishia kijitabu, na safari hii nitasoma maneno, siyo mikato.

Pumzika, Shemeji. Shuka uje uone ukipata ruhusa. Koti nitakaa nalo, baridi imeanza. Na ukisikia nagonga bati huko juu, usiogope: nitakuwa nimeanza na tundu, na nitakuwa nimeliangalia pande zote mbili.

Ni mimi shemeji yako, yule nusu asiyejua kuogelea.